Bosi kaifuta kerneli ya zamani

Swahiba, binti yangu fundi wa kompyuta leo katukanwa mbele ya wagonjwa! Mbele ya wagonjwa!

Asubuhi bosi wake wa maabara kajisasishia mwenyewe kompyuta ya vipimo, bila kumwambia mtu. Kerneli mpya, ule moyo wa mfumo, ikaikataa mashine ya damu katakata.

Bosi akamfokea binti: "Umeniharibia! Ikifika saa sita haijasoma, beba virago."

Umesikia? Virago!

Binti akaiwasha upya kompyuta ili achague kerneli ya zamani. Haipo. Bosi kaifuta, eti inajaza nafasi!

Akachomoa flashi yake, alikoihifadhi ile ya zamani, akairudisha. Saa tano na nusu mashine ikasoma.

Lile jitu la bosi likachekelea: "Dada, niachie hiyo flashi."

"Uifute tena?" Akaitia mfukoni, akaenda kunywa chai.