Kadi Iliyobaki Mkobani

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Na Mzee, bado anakula vizuri? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Macho yamechoka, shingo imechoka, hata kalamu naona imenichoka.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umesema karakana ya sare imekuwekea cherehani yako hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo wanampa mtu mwingine. Ukaniuliza, bila ugomvi, kama lile neno langu limeisha, nije kukusaidia kumtunza Mzee kama nilivyoahidi. Miaka miwili umeuliza hivyo, na mimi nimejibu bado.

Neno lenyewe unalijua, take la Kiingereza. Kazi ya kamusi ilipogawanywa, wenzangu walikimbilia majina ya ndege na samaki, mimi nikaangukiwa na hili. Nilidhani ni kuchukua tu, wiki moja nimemaliza. Wapi! Sisi tunameza dawa, tunapiga picha, tunapanda basi, tunafanya mtihani, tunashika zamu. Mwingereza kote huko anatumia take, wala hana habari. Kila maana ina kadi yake, na kila kadi ina sentensi ya mfano. Mhariri wetu, mama mmoja asiyecheka kabla ya chai, hataki mifano ya kubuni. Lazima iwe imetoka kinywani mwa mtu. Basi nikaokota ya nyumbani. Ile ya “Mzee amekubali kumeza dawa” ni yako, utaikuta imechapishwa.

Dada, nimekudanganya. Neno liliisha mwaka jana. Kadi zimo sandukuni, zimefungwa kamba. Imebaki moja, ya kushika zamu. Nilikosa mfano wake, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukuambia maneno hayo. Nikaiacha tupu, nikaitia mkobani, ili kila ukiuliza niweze kujibu bado.

Sababu ni ile siku niliyokuja mara ya mwisho. Wewe ulikuwa sokoni. Mzee alinivutia kiti kwa adabu kabisa, akaniuliza, “Wewe ni mgeni wa nani?” Nikamjibu kuwa ni mgeni wako. Mimi, mwanawe, ambaye yeye mwenyewe alinibeba mabegani na kuniita Karani! Uliporudi nilikuambia nimeitwa kazini. Hakuna aliyeniita. Niliogopa, Dada, na wewe hukupata hata nafasi ya kuogopa.

Jana mhariri alikuja mezani kwangu kusema masanduku ya kadi yanakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa. Nikatoa ile kadi, nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alisema masahihisho naweza kuyafanyia nyumbani, kisha akauliza mfano wa zamu nimeusikia kwa nani. Nikamwambia ni wangu, nausema leo. Nikaandika, “Dada, pumzika, sasa nashika zamu mimi.” Akaondoka nayo, na siwezi kuifuta tena.

Nafika Jumamosi asubuhi, na mizigo yangu yote. Jumatatu nenda ukakalie cherehani yako. Nionyeshe tu dawa zinakaa wapi na shati lipi Mzee hataki kuvuliwa.

Msalimie Mzee, hata kama atauliza salamu zimetoka kwa nani. Na akiniuliza tena mimi ni mgeni wa nani, nitamwambia ni wake.

Mdogo wako akupendaye,
Karani