Kisu cha Nyumba Isiyo na Mwanamume

Mlalo,
14 Januari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, baba. Mimi na mama mkwe tu wazima, ila yeye magoti humsumbua kila ukungu unaposhuka, na huku ukungu hauna likizo. Mama hajambo? Na kile kikohozi chako? Nimeshika kalamu kwa kuwa simu yako huko Kwamkoro hukatika kabla hatujamaliza salamu.

Nina ombi, lakini kwanza nikuchekeshe. Juzi tulipata wageni, mama mkwe akanikabidhi jogoo. Unaijua nyumba hii: tangu Jafari wangu afariki tumebaki wanawake wawili. Basi nikamtia jogoo kwapani nikaenda kutafuta mwanamume wa kumchinja. Kwa Mzee Hamza, jirani yetu, nikaambiwa ameshuka Mombo na kabichi. Kwa Shabani, wameshuka pamoja. Nilizunguka mpaka jogoo akaanza kunizoea. Mwisho nikampata mjukuu wa Mzee Hamza, meno ya mbele hana. Akafumba macho, nikamshika mkono nikausukuma mimi. Tukasema amechinja yeye. Wageni wakala na kumsifu.

Ombi langu ni kisu. Cha hapa nyumbani mpini umelegea, nikikata majani ya guatemala ya ng'ombe bapa linachomoka. Wiki iliyopita nusura linikate. Nitafutie cha maana, chenye ala, nikivae kiunoni niendapo shambani.

Mwanao,
Mwanamisi


Kwamkoro,
10 Februari 2024

Mwanangu Mwanamisi,

Marahaba, mwanangu. Onga mshi, kama msalimianavyo huko Usambaani, wewe na mama mkwe wako. Sisi wazima. Kikohozi kimeniacha mimi kikahamia kwa mama yako, ndiyo ndoa hiyo.

Kisu utakikuta Mombo, nimempa dereva wa lori la iliki akiache kwa yule muuza vitunguu unayemjua. Kimefuliwa kwa springi ya lori. Chuma cha bapa kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho, kwa hiyo hakichomoki hata ukikitukana. Mpini ni wa mpera. Nimeuchonga mwenyewe nikiupima kwenye kiganja cha mama yako, maana mikono yenu ni ile ile. Ala ni ngozi ya ng'ombe.

Sasa sikiliza. Usikirudishe kwenye ala kikiwa na maji. Kifute, kisha ukipake mafuta ya nazi kidogo. Usikitumie kuchokonoa mawe wala kupasua mifupa, hiyo ni kazi ya shoka. Kinoe kwa jiwe la mtoni, taratibu, bila kufikiria ugomvi wa mtu yeyote. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu mtu hukikandamiza kwa hasira. Na ukimpa mwenzio, mpe upande wa mpini.

Jambo la mwisho. Nimekupa kisu cha kukatia, si cha kuchinjia. Kuchinja ni kazi ya wanaume. Mimi ndiye ninayewachinjia watu wa huku miaka yote, najua ninachosema. Hata yule kibogoyo wako ni afadhali.

Baba yako,
Faraji


Mlalo,
28 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mama pia. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio unaumwa.

Nianze na shukrani. Kisu kimekuwa mkono wangu wa tatu. Kabichi, guatemala, kamba, fito za maharage, vyote navikata nacho. Wanawake wenzangu wananiita bwana misitu. Nakifuta na kukipaka mafuta kama ulivyosema.

Sasa jambo lenyewe. Mama mkwe alikuwa na beberu tuliyekuwa tukimnenepesha kwa ajili ya hitima ya Jafari. Ijumaa ya wiki iliyopita mvua ilikuwa imelowesha matuta, beberu akateleza akaanguka korongoni. Niliposhuka nilimkuta mgongo umevunjika, anatupa miguu, anakata roho. Wanaume wote walikuwa wameenda sala ya Ijumaa, ng'ambo ya bonde. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Nikaona nikisubiri atakufa bure. Nikamgeuza kibla, nikasema Bismillahi Allahu Akbar, nikakata. Damu ikaruka mpaka kwenye gauni langu.

Mzee Hamza alipofika akatazama, akasema, "Hiki kibudu. Mwanamke hachinji." Maneno hayo yakatosha. Hakuna aliyegusa nyama, wakaifukia. Mama mkwe hakulia wala hakunigombeza, na hilo ndilo linaniumiza zaidi. Siku hizi ana sufuria yake, anapika peke yake na kula peke yake. Jana mke wa Mzee Hamza kaniletea ujumbe kwamba mama mkwe anaona labda wakati umefika nirudi kwetu, kwa kuwa Jafari hakuniachia mtoto.

Baba, mimi kwetu ni hapa. Shamba langu liko hapa, kaburi la Jafari liko hapa, na huyu mama nampenda. Niambie wewe mchinjaji: nyama ile ilikuwa halali au haramu? Najua ulinikataza. Ukisema ni haramu, nitakirudisha kisu kwa lori lile lile, na mimi nitakifuata.

Mwanao,
Mwanamisi


Mlalo,
26 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, maana wa huku bado tunaamka.

Barua yangu ilifika, dereva ameniapia kwamba alikupa mkononi. Umenyamaza. Mama mkwe naye amenyamaza. Nimebaki na ng'ombe, na yeye anataka majani tu.

Kisu nimekichomeka darini. Nimerudia kile cha mpini uliolegea, na leo kimenikata kidole.

Mwanao,
Mwanamisi


Kwamkoro,
23 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, na pole ya kidole. Idi imepita salama, afya tunayo. Mama yako anakusalimu, na hivi ninavyoandika amesimama mgongoni mwangu ahakikishe naandika yote.

Nilinyamaza kwa sababu nilikasirika. Nilikukataza, ukafanya. Nilikaa na hasira yangu nikiilea, mpaka mama yako akaichoka. Siku moja akaniuliza, "Baba Mwanamisi, ule mwaka ulipolazwa na malaria hapa ndani, hujui usiku wala mchana, supu ya kuku ulikunywa?" Nikamwambia nilikunywa, na ilinisimamisha. Akasema, "Wale kuku walichinjwa na nani?" Nikaanza kutaja majirani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kumbe alichinja yeye mwenyewe. Kesho yake nilipanda gari hadi Muheza kwa shehe, nikitaraji atanionea huruma. Akaniuliza: mnyama alikuwa bado hai? Binti yako ni Muislamu? Alitaja jina la Mungu? Damu ilitoka? Nikajibu ndiyo, ndiyo. Akasema basi ni halali, na kwamba tangu enzi za Mtume mwanamke mchungaji alimchinja mbuzi aliyekuwa anakufa, kwa jiwe, na Mtume akaruhusu aliwe. Halafu akaniuliza nimekuwa mchinjaji muda gani. Nikaaga.

Kwa hiyo nyama ile ilikuwa halali, na kosa lililokuwepo ni la kuifukia. Nisamehe kwa kukuacha peke yako. Niliona haya, na haya ya mzee ina miguu mizito.

Lakini usikimbilie kumsomea mama mkwe wako barua hii. Umeshamwona mtu aliyeshawishiwa kwa karatasi? Watu huamini sahani. Mwezi ujao nikimaliza kuanika iliki nakuja. Teremsha kisu, kinoe. Tafuta jogoo, na usitafute mwanamume. Nitakula mbele yao wote.

Baba yako,
Faraji


Mlalo,
11 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Mama mwambie mdalasini alionitumia umefanya nyumba nzima inukie. Sisi wazima, sote wawili, na magoti ya mama mkwe yamepata nafuu.

Najua uliondoka umeinamisha kichwa. Nilichinja jogoo mbele yako, ukala, ukalamba vidole mpaka nikaona umezidisha. Mama mkwe akala ugali na maharage, macho chini. Mzee Hamza akajifanya tumbo linamsumbua. Pale stendi uliniambia, "Nimeshindwa, mwanangu." Hata mimi niliona hivyo.

Ulipoondoka, mama aliniuliza jikoni, "Baba yako alikula kweli, bila wasiwasi?" Nikamwambia alikula. Ndipo nikamsomea barua yako, yote, mpaka pale pa kuku wa malaria. Hakucheka. Akalia, baba, kwa mara ya kwanza tangu beberu aanguke. Akasema, "Yule alikuwa mbuzi wa Jafari. Nilimlisha kwa mkono nikiona namlisha mwanangu. Walipomfukia nikaona wanamzika Jafari tena. Nikatafuta wa kumlaumu, nikakuona wewe uliye karibu." Nikamwambia hata mimi nilikata nikilia. Tulilala tukiwa tumeosha sufuria moja.

Jana tumefanya hitima. Mbuzi hatukuwa naye, tulikuwa na kuku. Wanaume walikuwepo tele: Mzee Hamza, Shabani, vijana wa madrasa, wote barazani, hakuna aliyeshuka Mombo. Mzee Hamza akakunja mikono ya kanzu, akaita, "Leteni kuku nichinje." Mama akatoka na kuku wa kwanza, magoti yale yale, akampita Mzee Hamza barazani kama anapita nguzo ya nyumba. Akaja uani nilipo. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Hitima ni ya Jafari. Nani wa kumchinjia zaidi ya mkewe?" Akanipa kuku, kisha akanichomolea kisu kwenye ala na kunipa upande wa mpini. Sijui nani alimfundisha. Labda ni barua yako ya kwanza, nayo nilimsomea.

Nikachinja. 

Chakula kilipoletwa barazani kila mtu alitazama sahani ya mwenzie. Kisha yule mjukuu kibogoyo, ambaye sasa meno yameota, akachukua paja akauma. Babu yake akamtazama, akamtazama mama, akasema Bismillahi. Alikula, baba. Mchuzi akaomba uongezwe, na lile tumbo sikulisikia likitajwa.

Sisi tulikula jikoni, mimi na mama. Firigisi unajua humu hupewa nani. Tangu Jafari afariki ilikuwa ikienda kwa yeyote aliyetuchinjia, hata yule mtoto aliwahi kupewa. Jana mama aliitafuta sufuriani kwa mwiko, akaiweka kwenye sahani yangu, akasema, "Kula, mwanangu, ni haki yako."

Nilikisuuza kisu, nikaikata katikati, nikampa nusu.

Mwanao wa Mlalo,
Mwanamisi