Mawe ya Mizani Niliyoyang'arisha

Baba Yohana, mume wangu,

Kamwene. Najua huko uliko huna haja ya barua, na mimi mwenyewe kalamu hainipendi. Naandika kama kuku anayechakura. Lakini neno hili nimelibeba miaka kumi na moja na sasa limenishinda. Nisikilize, na leo usinikatize kama ulivyozoea.

Nakumbuka tulivyohama Mjimwema, kwetu Njombe, kwenda Makambako, mimi nina mimba ya Yohana, wewe umepata kazi ya kupima chumvi katika duka la Mhindi pale njia panda. Shoga zangu walinicheka: kupima chumvi nayo ni kazi? Hawakukuona asubuhi ukiiandaa ile mizani. Nilikuwa nakuletea uji nakukuta umefunga mlango, maana upepo wa Makambako hauna adabu, unavisukumasukuma vitanga. Unaufuta mkono wa mizani kwa kitambaa kikavu, unapuliza vumbi kwenye yale makali ya chuma ambayo mkono huo hukalia, unautundika, halafu unatulia ukiutazama ulimi wake mpaka usimame wenyewe katikati. Kitanga kimoja kikilemea, unadondosha punje ya risasi kwenye kikebe kilicho chini ya kile chepesi. Moja tu. Unangoja tena. Kisha unaweka jiwe kushoto na chumvi kulia, unabadilisha, chumvi kushoto na jiwe kulia, na mizani isipokubali pande zote mbili huuzi hata chembe. Uji huo unapoa. Ulinikera sana kwa ajili ya uji, Mungu anisamehe.

Siku moja nikajifanya fundi. Nikapaka mafuta ya nguruwe kwenye yale makali, ili mkono ucheze vizuri. Ulicheka ukashika mbavu. Ukanieleza kwamba mafuta hukamata vumbi, na vumbi nalo lina uzito wake. Ukaona afadhali unipe kazi yangu mwenyewe: kila Jumamosi utaleta nyumbani yale mawe ya mizani, yale ya shaba, kuanzia la ratili mbili mpaka kale kadogo ka wakia, niyapanguse.

"Kitambaa kikavu tu, Mama Yohana," ulisema. "Usiongeze akili."

Nikaongeza akili. Unawajua wanawake wa kwetu, mtu akiingia jikoni kwako hakutazami usoni, anatazama sufuria. Mama alinilea kwa majivu na mchanga wa mtoni, nisugue mpaka nione meno yangu. Sasa yale mawe yalikuwa yameingia weusi wa mikono ya watu, nami nikaona aibu, kwamba Makambako nzima itasema mke wa mpimaji ni mchafu. Nikachukua majivu, mchanga na gunzi la mahindi, nikasugua. Yaling'aa, we! Ulipoyaona ulifurahi, ukaniuliza nimetumia nini. Nikasema kitambaa. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu uone una mke hodari. Nikaendelea hivyo kila Jumamosi, miaka sita.

Miaka yote hiyo hakufika mkaguzi. Alipokuja yule bwana wa serikali kutoka Iringa, na sanduku lake la mawe, mimi nilikuwa pale dukani nimekuletea chakula. Hukuwa na wasiwasi hata kidogo. Ulimwonyesha mizani tupu, ulimi umesimama wima. Ukabadilisha vitanga mbele yake, ukasimama vilevile. Akakusifu. Kisha akaweka ratili yake upande mmoja na ratili yetu upande wa pili, na yetu ikapanda juu. Akajaribu nusu ratili, ikapanda. Ile wakia ndiyo kabisa. Akasema mawe haya yamekwanguliwa, na kwamba kila aliyenunua chumvi hapa amepunjwa. Mama mmoja wa Iwawa, aliyekuwa ameshuka kuuza viazi, akautazama mfuko wake wa chumvi, halafu akakutazama wewe. Baba Yohana, nilielewa saa ileile. Niliyaona majivu, nikauona mchanga ulivyoila ile shaba Jumamosi kwa Jumamosi.

Mhindi alikufukuza siku hiyohiyo. Tukiwa njiani kurudi Njombe, watu wakiwa tayari wamekupa jina la Mkwangua Mawe, ulisimama, ukatua mzigo, ukaniuliza kwa upole.

"Mama Yohana, yale mawe ulikuwa unayafuta kwa kitu gani?"

"Kitambaa," nikasema.

"Basi," ukasema. Ukajitwika mzigo wako, na hukuniuliza tena maisha yako yote.

Niliogopa. Niliogopa utanirudisha kwa baba yangu, niliogopa watu, niliogopa hata Yohana, ambaye alikuwa mtoto wa miaka sita. Nikajiambia nitasema kesho. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, mume wangu, na wewe ndiye uliyeitembea.

Kanisani walikuvua uzee wa kanisa, wakakuzuia Chakula cha Bwana mpaka utubu. Ungeweza kutubu ukarudi, wangapi walifanya hivyo kwa makosa ya kweli na ya kusingiziwa! Wewe ukawajibu kwamba kutubu kosa usilolifanya ni kumdanganya Mungu. Kwa hiyo kila siku ya Chakula ulibaki umekaa, na mimi mwongo nikapita mbele yako kwenda mezani, nikala, nikanywa. Tulipofika nyumbani uliniuliza kama mahubiri yalinigusa. Sokoni mizani za watu zilipoharibika walikuita uzitengeneze. Kupima hawakukuita. Ulizitengeneza, ukajaribu pande zote mbili, ukawaachia wapime wenyewe.

Mwaka jana tumekuzika bila kengele na bila mchungaji. Yohana alimwaga udongo akilia kwa hasira, akaapa hatakanyaga tena kanisa lililomwita baba yake mwizi. Hata pale kaburini nilinyamaza. Sijui nilikuwa mtu wa namna gani.

Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, niliwafuata wazee wa kanisa nikawaeleza yote, majivu, mchanga, gunzi, na neno lile la njiani. Mzee mmoja, katika wale waliokuvua, aliinama akafuta macho. Mchungaji akasema vizuri, watatangaza kanisani kwamba umesamehewa.

"Hapana, Mchungaji," nikamwambia. "Msimsamehe. Hakukosa."

Akaniuliza sasa watangaze nini. Nikamwambia watangaze jina langu, nami nitasimama mbele ya watu wote niseme kwa kinywa changu. Yohana nimemwambia jana. Ameondoka bila kuniaga, na simlaumu.

Jumapili nitasimama. Watu watanisamehe, nawajua, watapiga magoti waniombee na baadaye watakuja na unga na maharage. Lakini niliyemkosea ni wewe, na wewe ulikufa ukiniamini.

Mkeo,
Mama Yohana