Mama, Usimlete Shiru Jumamosi

Murera, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Molo kunaendaje? Baridi imekuachilia magoti? Na ile dawa ya presha unameza, ama unaigawia majirani kama kawaida yako? Nauliza kwa sababu nakupenda, na pia kwa sababu naogopa kufika kwa neno lililonifanya nichukue kalamu. Kwa simu ningekuambia niko sawa. Hata jana nilikuambia hivyo, na nilikudanganya. Barua hii nampa jirani anayesafiri huko kesho.

Mama, usimlete Shiru Jumamosi.

Keti kwanza. Niko kwa nyumba yangu, nimekula, nimeoga. Lakini ugonjwa ulibisha hodi tena, na mimi mwenyewe ndiye niliyeufungulia.

Kanisa letu huku lilitangaza wiki ya kufunga na kuomba. Nikasema nitafunga kabisa, maji tu, nimshukuru Mungu kwa sababu mtoto wangu Shiru anarudi kwangu baada ya miaka minne. Zile tembe zangu nazo zikiingia tumbo tupu zinanichoma, basi nikaziacha kwa kabati. Wiki moja tu, Mungu atanishika. Usimlaumu pasta, hakujua. Ni mimi na furaha yangu.

Siku ya nne nilikuwa na nguvu, woi! Nikafua mapazia, nikapaka kitanda cha Shiru rangi, nikaenda kituoni Kamenu nikicheka na kila mtu. Unajua pale kituoni sisi tuliowahi kuugua akili tunapika pamoja, tunalima sukuma wiki, na kila mmoja ana mwenzake wa kumwangalia. Ukiwa mzima unaandika kwa mkono wako jinsi ugonjwa wako huanza, na mwenzako ndiye anaweka hiyo karatasi. Yangu iko na Mzee Njoroge, yule fundi wa kuchomelea mageti niliyekuambia habari zake.

Nilikuwa naosha sufuria tuliyopikia githeri, mahindi na maharagwe. Akaja akasimama kando yangu.

"Wambui, hiyo umeosha mara ngapi?"

"Ni chafu."

"Ni safi tangu saa nane." Akatoa karatasi mfukoni. "Hebu soma."

"Kwani mimi ni mtoto wako?" Nilimtusi, Mama, matusi ya kuaibisha, mbele ya watu. Akasoma yeye, polepole, "Nikianza kuosha kitu safi, niulizeni kama nimemeza dawa. Nikisema niko sawa sana, msiniamini."

Aliniinulia karatasi nikaona mwandiko ni wangu. Hapo nikaiweka sufuria chini.

Yeye na muuguzi wa kituo walinipeleka kliniki Thika siku hiyo hiyo. Nimerudia dawa. Daktari anasema tuliwahi, lakini nisikae na mtoto peke yangu mpaka anione tena mwisho wa mwezi. Mwenye duka la kushona ninakofanya kazi kule Ruiru amenipa ruhusa, kwa hivyo naenda kituoni kila siku.

Mama, naogopa. Ile siku, miaka minne iliyopita, nilimfungia Shiru ndani na kufuli, nikatembea mpaka Juja bila viatu, sikuona kama nafanya vibaya. Nilijisikia vizuri, vizuri vile vile kama wiki iliyopita. Mtoto alilia mpaka majirani wakavunja mlango, na mimi huko barabarani nikiimba. Sasa nikicheka najiuliza kama ni mimi ninacheka. Kufuli ya nyumba nimempa jirani akae nayo.

Naogopa pia ndugu yangu Kamau atasema, "Si niliwaambia huyu hawezi kulea?" na mseme hatarudi kwangu tena, milele. Ningenyamaza, mngemleta na hakuna mtu angejua. Haki, nilifikiria kunyamaza. Siku mbili nzima.

Nisalimie huyo huyo Kamau, hata kama atanuna. Mke wake, Mama Brian, mwambie asante kwa kumsuka Shiru nywele. Na shangazi, Tata Nyambura wa kwaya, aniombee, lakini asiniambie nifunge.

Shiru naye usimwambie nina kazi nyingi. Ana miaka saba, atajua ni uongo. Mwambie mama yake ameugua tena, na safari hii amesema mwenyewe. Atalia, najua, alikuwa anahesabu siku. Akikataa kuongea nami, usimlazimishe. Weka tu simu karibu na yeye, nitaongea mimi.

Ni mimi binti yako anayekuhitaji,
Wambui