Kiatu Namba Arubaini na Tano

Jumamosi, 14 Februari 2004. Nizwa, Omani

Alfajiri tumesali, chai ya maziwa, halafu uwanja wa skuli. Kama kila siku. Mizunguko ishirini, mitupo mia, mimi naokota mpira na kuhesabu. Mwanangu Haitham katia themanini na moja. Jana themanini na sita. Nikamwambia atupe mia nyengine. Ati kisigino chamuuma. Kisigino huuma wazee, yeye ana miaka kumi na sita.

Umri wake mimi nikicheza kikapu Unguja pekupeku, kwenye simenti, jua la saa nane. Nyayo zikibanduka ngozi. Hapana aliyenitazama mara mbili. Mwanangu atatazamwa, apende asipende.

Ofisini nimesinzia juu ya mafaili.

Jumatatu, 16 Februari

Kaja Nabil kutoka Maskati, mtu wa kampuni ya viatu. Gari jeupe, miwani, manukato yanamtangulia. Katoa makatoni kwenye buti, timu nzima ya vijana kaivisha bure. Tarehe nne Machi, huko Sur, atachagua mmoja. Mmoja tu! Atampeleka ng'ambo, kambi na skuli, yote juu ya kampuni. Sharti lake: asiyevaa kiatu cha kampuni haingii uwanjani.

Haitham avaa arubaini na sita. Kubwa kuliko zote kwenye makatoni ilikuwa arubaini na tano. Kochi wetu, Mahfudh, kasema mtoto achezee vile vyake vya zamani mpaka zije nyengine. Nabil kaanza kuifunga katoni. Nikaidaka! Nikasema ngozi hutanuka. Nikapiga magoti nikamvalisha kwa mikono yangu, nikamkaza kamba. Kakunja uso. Nikamwambia cheka, bwana anakutazama.

Naandika Kiswahili maana watoto wangu hawakisomi. Hukisema nusunusu, Kiarabu katikati. Basi humu nasema nitakavyo.

Alhamisi, 19 Februari. Ibra

Mechi. Hasira zangu nimezijua toka mdogo, lakini refa leo alikuwa mwizi wa mchana.

Robo ya pili Haitham anachechemea. Kakosa mpira chini ya kikapu, peke yake, hapana wa kumzuia. Nabil safu ya mbele anaandika kwenye kidaftari chake. Damu ikanipanda. Mapumziko nikashuka nikamzaba Haitham kofi mbele ya watu wote. La pili Mahfudh kajiingiza kati, likampata yeye, mdomo ukatoka damu. Nikamkamata kola. Nikamwambia wewe una mabinti watupu, wajua nini wewe? Refa kaja kunitoa, nikamvurumishia chupa ya kahawa. Ikapasukia miguuni pake. Karuka juu kama mbuzi, mshenzi yule.

Kipindi cha pili Haitham katia pointi kumi na tisa. Analia huku anatia.

Nje Nabil kanipiga bega. Kasema apenda baba mwenye moto, watoto wa mababa baridi hawafiki popote. Nimefurahi. Naandika ukweli, nimefurahi mno. Njia nzima mpaka Nizwa nikiimba, na Haitham kaegemeza kichwa kwenye kioo.

Jumanne, 24 Februari

Kisigino kimevimba, hata ndara haiingii. Zuwena kanishikilia toka asubuhi: mpeleke mtoto hospitali, mpeleke mtoto hospitali. Mke wangu akishika jambo haachi. Nikampeleka.

Daktari kapiga picha. Mfupa una ufa. Plasta wiki sita, asiukanyage.

Wiki sita! Zimebaki siku tisa.

Nikamwambia daktari tutarudi alasiri. Hatukurudi. Picha na cheti nimevitia chini ya zulia la gari. Zuwena nimemwambia ni mshipa tu. Haitham kasikia nilivyosema, kanitazama, kachechemea chumbani mwake. Mtoto mtiifu.

Alhamisi, 26 Februari

Nimempeleka Haitham kwa mzee wa wasm, kijiji cha nyuma ya Ibra. Mzee huyu huchoma wagonjwa kwa chuma cha moto. Huku ndiyo dawa ya wazee, mgongo, tumbo, macho ya manjano. Mimi mwenyewe nina alama mbili kiunoni na nilipona.

Mzee mtu wa haki. Kaushika mguu, kaubonyeza, kauliza kama hospitali wamekwisha kuutazama. Mfupa uliovunjika hauchomi, ndivyo alivyofunzwa na babu yake. Nikasema hawajautazama. Hakutosheka. Nikaapa. Kwa jina la Mungu nikaapa, na picha iko chini ya zulia, hatua kumi kutoka pale.

Kachoma alama tatu kukizunguka kisigino. Mimi ndiye niliyemkalia mapaja. Nimempa kilemba changu akiume, kakitoboa. Harufu ya nyama. Chuma cha tatu, kilemba kikamtoka mdomoni, kapiga kelele, "Mama!" Nikazidi kumkandamiza.

Njiani nikamnunulia aiskrimu. Ikamyeyukia mkononi.

Jumatatu, 1 Machi

Zuwena kauona mguu. Vidonda vitatu, vyote usaha. Kisha kenda garini kutafuta dawa ya maumivu aliyoisahau humo, kainua zulia, kaipata picha na cheti cha daktari.

Hakupiga kelele. Kakichukua kiatu cha kampuni, kanipiga nacho uso. Kwa soli. Mara mbili. Mimi! Kwa kiatu, ndani ya nyumba yangu! Nikampiga ngumi. Kaangukia kabati la vyombo, vikombe vya harusi yetu vyote chini. Miaka kumi na tisa sijapata kumnyanyulia mkono.

Kakaa juu ya vigae, damu puani, anacheka. Kicheko hicho sikitaki tena maishani. Kasema, "Mpige na yeye, Baba Haitham. Mmalize, upate kulala."

Haitham kasimama mlangoni kwa mguu mmoja. Kasema, "Baba, khalas, basi. Usimpige mama. N'tacheza."

Nikaona nimeshinda. Ndivyo nilivyoona wakati ule.

Jumamosi, 6 Machi. Sur

Naandika leo. Juzi na jana sikuwa na kalamu, nilikuwa mahabusu.

Alhamisi asubuhi nimemfunga Haitham vidonda bendeji. Zuwena alikuwa amemfungia mlango wa chumba, nikauvunja kwa bega. Uwanjani Sur Mahfudh naye kauliza mbele ya Nabil, mguu umepona? Haitham kajibu umepona. Nilikuwa nyuma yake.

Arubaini na tano haikuingia. Nikaigonga kwa ngumi kisigino mpaka ikaingia.

Katia mpira wa kwanza. Katia wa pili. Katia mitano mfululizo, watu wakasimama, Nabil kasimama. Soksi imekuwa nyekundu nami naiona, na nikipiga makofi. Sijapata kumwona mtoto yeyote akicheza vile. Halafu karuka, katua. Nilisikia kule juu nilikokaa, mlio wa ukuni mkavu. Mguu ukaelekea upande usio wake.

Nikashuka kwa mbio, nikiwasukuma watu. Mahfudh keshapiga magoti, mkasi mkononi, anataka kukikata kiatu autoe mguu. Mtu kapiga kelele, "Usikikate kiatu! Kifungue kamba, kitamfaa!" Nikageuka nimtazame mpumbavu gani yule.

Wote wakinitazama mimi.

Na Haitham. Kalala pale chini, macho makavu, ananitazama.

Mahfudh kakata. Nabil alikwisha kwenda kwenye kikapu cha pili, anampigapiga bega mtoto wa Sur. Nikamfuata. Nikampiga miwani, pua, meno. Alipoanguka nikampiga teke. Nikampiga mpaka mkono wangu ukavunjika kidole. Hakunifanya kitu bwana yule. Katoni niliidaka mwenyewe. Askari wanne wakanitoa.

Leo wamenifungua kwa dhamana. Mtoto amekwisha kupelekwa Nizwa. Hapana aliyeningoja nje.

Jumatano, 10 Machi. Nizwa

Wamemtia Haitham vyuma mguuni. Daktari ni yule yule. Nimemnyooshea mkono, kaitia yake mifukoni. Kasema ule ufa peke yake ungepona, wiki sita na plasta, mwezi wa tano angekuwa uwanjani. Sasa mfupa umesagika na usaha umeingia ndani. Atatembea. Kukimbia, asahau.

Nikatoka nikakaa kwenye gari na madirisha juu. Nikalia mpaka nikatapika.

Alasiri nikaendesha mpaka kwa mzee wa wasm kumwambia kuwa nilimwapia uwongo. Nilidhani atanitukana. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kavitia vyuma vyake ndani ya gunia, kalifunga kamba. Kasema hatomchoma tena mtu, maana hana tena wa kumsadiki. Hata kahawa kanipa. Sikuweza kuinywa.

Ijumaa, 19 Machi

Haitham yuko nyumbani siku ya tatu. Asubuhi kanambia shikamoo, nikamjibu marahaba. Ndiyo maneno yetu ya siku.

Zuwena hulala chumbani mwa Haitham, kwenye godoro chini. Uso wake umeanza kurudi rangi. Nami huniambia chakula tayari, na hapo basi.

Kabla ya adhana ya Ijumaa nimemwona Haitham anahangaika kuinama apate kutia udhu, hafiki. Nikaleta beseni na birika. Nikapiga magoti. Wa plasta hupanguswa tu, mguu mzima ndio wa kuosha. Nikaunyooshea mkono.

Kauvuta. Kaufunika kwa shuka. Hakukasirika, wala hakunitazama vibaya. Kasema taratibu, "La, baba. Tafadhali. Mama yupo."

Nikaliacha beseni pale. Zuwena kaja, kafunga mlango. Nilisimama ukumbini nikisikia maji yakimiminwa. Kisha nikatia udhu wangu bombani nje, nikaenda msikitini.