Wamefunga Kesi, Swichi Bado Inazimika

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na kwanza unisamehe kwa kukuletea jambo ambalo si la ndoa wala la mawifi, maana najua ukurasa huu umezoea machozi ya aina hiyo, lakini mficha uchi hazai na mimi maji yamenifika shingoni, na kazini sina wa kumlilia kwa sababu kwa mambo haya mimi ndiye ambaye wenzangu huja kumlilia.

Ninaangalia mtandao wa kompyuta katika hospitali moja ya wastani, na kazi hii sikuajiriwa nayo, niliajiriwa kukaa mapokezi, nikawa nasoma mambo ya mitandao jioni baada ya zamu huku mume wangu akiwalisha watoto, mpaka aliyekuwa akiifanya kazi hiyo alipohama, mkurugenzi akanikabidhi funguo za chumba cha mitambo akasema hebu tuone, na tangu hapo wauguzi wananiita Mama Waya, jina ambalo mwanzoni lilikuwa la kunitania na sasa nikiitwa hivyo naitika kwa raha kuliko nikiitwa jina langu. Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya mashuka, rafu bado zinanukia sabuni, na ukifunga mlango husikii kitu isipokuwa mvumo wa mashine, na nakwambia kweli mshauri, hakuna mahali duniani ninapojiona mtu kama mle ndani.

Sasa tulinunua swichi mpya, yaani kile kisanduku bapa chenye matundu mengi ya kuchomeka waya na vitaa vidogo vinavyomemeteka, ambacho ndicho kinachounganisha kompyuta za hospitali nzima, hata majibu ya maabara hupita humo kwenda wodini, na swichi hii ina ugonjwa, kwamba kila asubuhi kazi ikipamba moto taa zake zinageuka kutoka kijani kuwa rangi ya chungwa, zinaganda, na hospitali yote inakatika, muuguzi anaanza kukimbia koridoni na karatasi mkononi, daktari anamsubirisha mgonjwa kwa majibu ya damu ambayo yalishatoka zamani na yapo chumba cha pili tu. Nikiizima na kuiwasha inarudi, kesho yake ni yaleyale.

Nimefanya kila ninalolijua, nimebadilisha waya, nimehamisha umeme kwenye soketi nyingine, nimeiwekea feni hadi muuguzi mkuu akaniuliza kama swichi ina homa, na siku moja kwa hasira niliing'oa nikaweka ile ya zamani tuliyoistaafisha, ambayo ina matundu machache na wodi zilibanana kidogo lakini ilifanya kazi kutwa bila kukatika, ila jioni nikarudisha mpya kwa sababu mtu wa kampuni iliyotuuzia aliniambia kwenye simu nisibadilishe chochote mpaka wamalize uchunguzi wao, na uchunguzi wenyewe ndio huu ninaokuja kukulilia.

Maana nikipiga simu kwa watu wao wa huduma inakuwa hivi. "Karibu, nikusaidie nini dada yangu?" Namwambia, "Kaka, ni ile swichi ya hospitali, imeganda tena." Ananijibu, "Pole sana. Umejaribu kuizima na kuiwasha?" Basi namjibu, anauliza namba iliyoandikwa nyuma ya mashine, nainama na tochi naisoma, anauliza taa zina rangi gani, namjibu hilo aliloniuliza tu, kisha ananielekeza kubadilisha jambo fulani kwenye mipangilio, halafu anasema, "Basi iache ifanye kazi, uiangalie. Tuko sawa, dada?" Namwambia, "Sawa kaka, asante," na kabla sijatoka chumbani ujumbe umeingia kwenye simu kwamba kesi yangu, ndivyo wanavyoliita lalamiko la mteja, imefungwa na wananishukuru kwa kuthibitisha kuwa tatizo limekwisha, na mimi sikuthibitisha chochote, nilimuitikia tu mtu wa watu kwa adabu. Nikipiga tena napokewa na kaka mwingine asiyenijua, namba ya kesi ni mpya, na tunaanza upya na umeizima ukaiwasha. Mshauri, naona hawa watu wananipiga danadana makusudi, au wamesikia sauti ya mwanamke wakaamua huyu hajui kitu.

Kufoka siwezi. Nimelelewa na shangazi yangu, na yeye alinifundisha kwamba mtu akijitolea kukuelekeza muitikie, kubishana na anayekusaidia ni kumwagia maji moto mkono uliokupa chakula. Hata nyumbani ni hivyo. Juzi mume wangu, ambaye ni fundi wa friji, alikuja kunichukua kazini akanikuta bado naongea nao, nilipokata simu akaniuliza, "Imepona?" Nikamwambia haijapona. Akasema, "Mbona umewaambia sawa?" Nikamjibu hayo ni maneno tu ya kuagana, na yeye badala ya kunionea huruma akasema, "Hata mimi ukiniambia sawa, huwa sijui umekubali au umechoka." Tulinuniana njia nzima.

Sasa kubwa zaidi ni kwamba mkurugenzi ameniita ofisini, hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma, akaniambia, "Mama Waya, usione vibaya. Hali ikiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi nitaleta kampuni ya nje ishike mtandao, wewe urudi mapokezi. Wanakuhitaji kule pia." Nikamwambia sawa, nikatoka, nikaenda kukaa kwenye stoo yangu ya mashuka nikalia hadi pua ikaziba.

Naomba uniambie, mshauri, nirudi mapokezi mwenyewe kwa heshima yangu kabla sijarudishwa, au niwaandikie wale wa kampuni maneno ambayo shangazi hajawahi kuyasikia kinywani mwangu? Nitafanya lolote utakalosema.

Ni mimi,
Mama Waya

MSHAURI ANAJIBU

Mama Waya, pole. Nimekuonea huruma hadi nilipofika katikati ya barua yako, na kuanzia hapo nimekukasirikia, kwa hiyo kaa vizuri.

Mimi mambo ya swichi siyajui. Rimoti ya nyumbani kwangu tu imenishinda, nimeifungia kwenye droo. Lakini maneno nayajua, ndiyo kazi yangu, na katika barua yako kuna neno moja linalotembea kama mwizi aliyevaa sare ya mlinzi. Kaka wa simu amekuuliza, "Tuko sawa?" Amekuuliza kama tatizo limekwisha. Wewe umejibu, "Sawa," ukimaanisha nimekusikia, kazi njema, usalimie nyumbani. Yeye ameandika: mteja amekubali, limekwisha. Kisha unakuja hapa kuniambia unapigwa danadana. Mpira unaurudisha wewe mwenyewe, tena unawaambia asante.

Siwatetei hao. Mtu anayeichukua sawa ya adabu akaigeuza kuwa sahihi ya kukubali, naye ana lake la kujibu. Lakini usiniambie wanakuonea kwa sababu wewe ni mwanamke. Huenda wamo wa hivyo, ila kwa sawa hiyo wangemfungia kesi hata mwanajeshi. Na mumeo alikupa dawa bure, ukamnunia. Fundi wa friji anajua tofauti ya kitu kilichopona na kitu kilichonyamaza. Leo ukirudi nyumbani mwombe radhi, na usimwambie kwamba ni mimi niliyekutuma.

Sasa niingie kwenye lililonikasirisha. Umesema kwamba siku moja uliweka swichi ya zamani mahali palepale, kwa waya zilezile na umeme uleule, na ikafanya kazi kutwa nzima. Umelisema hilo kwa mkupuo, katikati ya feni na homa, kana kwamba unanieleza hali ya hewa. Mwanangu, hata mimi niliyefungia rimoti droo naona hapo. Kama chungu kipya kinavuja na cha zamani hakivuji kwenye jiko lilelile, hakuna anayelaumu jiko. Ugonjwa umeupata mwenyewe, kwa akili yako mwenyewe, halafu hukumwambia mtu. Hakuna kaka hata mmoja uliyemweleza habari hiyo, kwa sababu hawakukuuliza na wewe unajibu unachoulizwa tu. Unafunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe hapiti, amejenga kabisa kwenye rafu yako ya mashuka.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla ya simu yoyote, toa hiyo swichi mpya na uirudishe ile mstaafu kazini. Kwa nini muuguzi akimbie koridoni wakati mashine nzima umeiweka kabatini, eti mtu wa kwenye simu amekukataza? Mtu huyo hana mgonjwa anayesubiri majibu ya damu. Matundu ni machache, umesema. Basi wape maabara na wodi kwanza, na ofisi za utawala zikose. Mkurugenzi akija kuuliza mbona kompyuta yake haina mtandao, usijifiche, huyo ndiye uliyekuwa unamtaka.

Mweleze ulichokiona, kwa sentensi fupi, umesimama. Kisha mwambie hivi: "Mkurugenzi, siku ile niliposema sawa, nilimaanisha nimekusikia. Sikukubali. Naomba niimalize kazi hii." Maana hukuona, Mama Waya, lakini hata kesi yako mwenyewe uliifunga kwa neno lilelile. Mtu alikwambia urudi mapokezi nawe ukamwitikia vizuri, akabaki anajua umeridhika. Atajuaje kwamba ulikwenda kulia kwenye harufu ya sabuni?

Baada ya hapo ndipo upige simu. Usianze na salamu ndefu. Sema unataka kesi yako ifunguliwe upya kwa namba ya zamani, usikubali mpya. Akikuuliza kama umeizima ukaiwasha, mwambie ndiyo, na usiishie hapo, ongeza ambalo hajakuuliza: kwamba swichi nyingine mahali palepale imefanya kazi na yao haifanyi. Omba mhandisi wao anayeijua mashine kwa undani, au walete nyingine kwa waranti. Atakusikiliza, usiogope. Yule kijana naye ana foleni ya simu masikioni na hajui kama upande wako kuna wodi inayosubiri majibu ya damu, hakuna aliyewahi kumwambia.

Halafu atafika pale mahali penu. Atakwambia, "Basi tuko sawa, dada?"

Nawe utamjibu, "Bado."

Fanya mazoezi nayo mbele ya kioo kama hutaki kujikwaa. Bado haina tusi ndani yake. Haimwagii mtu maji moto. Ni neno la mtu anayesema ukweli kuhusu jambo ambalo halijakwisha. Akikuuliza tena, mjibu tena hivyo hivyo, kwa sauti yako hiyohiyo ya upole, na umwite kaka ukitaka. Yale maneno ambayo shangazi hajayasikia yaache yalipo, huyahitaji. Na shangazi hakukosea, mwambie nimesema hivyo. Alikufundisha kumsikiliza anayekuelekeza. Hakukufundisha kumtilia sahihi. Heshima si utumwa, na naamini yeye mwenyewe akiuziwa sufuria lenye tundu hamwambii muuzaji sawa.

Umeniuliza kama urudi mapokezi kwa heshima yako. Hapana. Mwanamke aliyesoma jioni wakati watoto wanalishwa na baba yao, akaupata ugonjwa wa mashine ambao kampuni nzima haijauona, ana kazi yake, na funguo za chumba chake anazo mfukoni. Mapokezi watapata mwingine.

Hiyo swichi nyingine itakapofika, usikimbilie kushangilia. Ichomeke, uiache ipite kwenye asubuhi zenye fujo, maabara ikituma majibu mfululizo na madaktari wakigombea kompyuta. Ukiona taa zimebaki kijani na muuguzi anatembea koridoni taratibu kama mtu mwenye akili zake, ingia chumbani, funga mlango, uwapigie. Kaka atakuuliza kama mko sawa. Vuta pumzi, Mama Waya, kisha mpe ile sawa yako, maana siku hiyo itakuwa ya kweli.