Chai ya Nje ya Geti

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba, hata kama hujaniamkia! Mimi ni mdogo wa babu yako, kwa hiyo ni babu, usiangalie ndevu. Hapa Dunda sote wazima.

Unauliza kama enzi za korona nilikaa nyumbani. Ningekula nini? Bodaboda hodari kuliko wote ndiye mimi, na nilikuwa nikimpelekea samaki bosi mmoja wa Mbegani, aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwa kompyuta. Siku moja akafoka, "Weka hapo, rudi nyuma! Kesho usije, kaa kwenu kama sisi."

"Nikikaa, bosi, wewe utakula nini? Na mimi je?"

Kesho yake nikakuta kiti na chai nje ya geti. Yeye akakaa ndani, tukapiga soga kupitia nondo. Geti hakulifungua, lakini kazi yangu ilibaki, na chai ilikuwa na iliki.

Babu yako kijana,
Saidi